Sura ya Saba: Mshale Ulioandikwa kwa Tarakimu

Katika maswali ambayo watu huuliza wanapoketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, liko moja ambalo mafundi hulipita upesi, nalo ni hili: ule mshale mdogo utembeao juu ya kioo kila mkono usogezapo kipanya, ni nani aliyeuchora, na umewekwa wapi? Watoto huliuliza kwa sauti, wazee huliuliza kwa macho, na mwalimu, kwa haraka yake ya kufika kwenye barua na hesabu, huwaambia wote kwamba mshale ni mshale, wautumie tu. Mimi naliona kuwa ni swali lenye haki ya kupewa sura nzima. Maana anayeufuata mshale ule mpaka kwenye chimbuko lake hukuta jambo ambalo wengi hawalidhani, ya kuwa kwa miaka mingi, katika kompyuta za vyuo vikuu na za maabara, picha ya mshale haikuwekwa kama picha, bali iliandikwa kwa herufi na tarakimu za kawaida, katika waraka uwezao kusomwa kwa macho, kusahihishwa kwa mkono, na kupelekwa kwa barua kama habari nyingine yoyote.

Waraka wa namna hiyo huitwa XBM. Herufi X ni jina la mfumo wa kompyuta tutakaouzungumzia mbele. Herufi mbili zinazofuata ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya ramani ya biti. Biti ni nini, na ramani yake ni ipi? Hapo ndipo tuanzie.

Kioo ni shamba la nukta

Ukikikaribia kioo cha kompyuta, hasa cha zamani, ukakitazama kwa lenzi ya kukuzia, utaona kwamba hakuna mstari wala duara uliyodhani kuwa umeiona, ila nukta nyingi zilizopangwa safu kwa safu kama mbegu shambani. Kila nukta huitwa pikseli. Katika vioo vya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, pikseli huwa katika hali moja kati ya mbili: imetiwa wino au haikutiwa. Habari ya namna hii, isiyo na jibu la tatu, ndiyo chembe ndogo kuliko zote ambayo kompyuta yaweza kuishika, nayo huitwa biti. Huandikwa 1 kwa ndiyo, na 0 kwa siyo. Picha iliyoorodheshwa biti kwa biti, kila nukta ikitajwa kama ipo au haipo, ndiyo ramani ya biti.

Washonaji wa kofia za viua wanaijua elimu hii tangu zamani. Nakshi ya kofia nyeupe haitegemei rangi hata moja, kwa kuwa uzi ni mweupe na kitambaa ni cheupe. Hutegemea tu kwamba mahali hapa pana kitundu na pale hapana, na mpangilio wa vitundu, anapoutazama mtu kwa mbali kidogo, huwa ua, au nyota, au mwezi.

Picha mbili ndogo ndizo zilizohitaji ramani hizi kuliko nyingine. Ya kwanza ni kishale, yaani ile alama ifuatayo mkono wa mtumiaji, ambayo si lazima iwe mshale, kwani yaweza kuwa msalaba, kidole au saa. Ya pili ni ikoni, yaani kijipicha kisimamacho badala ya kazi fulani, kama vile mkasi uliochorwa mlangoni kwa kinyozi usimamavyo badala ya maneno. Picha hizi zilikuwa ndogo mno, aghalabu nukta 16 kwa 16 au 32 kwa 32, na udogo huo ndio uliowezesha yote yafuatayo.

Bao, na safu ya mashimo 8

Sasa tuje kwenye siri ya tarakimu, na mfano wake tuuchukue barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu 4 zenye mashimo 8 kila moja. Chukua safu moja, uziweke kando kanuni za mchezo, kisha utie kete moja katika shimo hili na uliache lile tupu, kama upendavyo. Je, utamwelezaje rafiki yako aliye ng'ambo jinsi safu ilivyo, ikiwa unataka kutumia hesabu moja tu?

Lipe kila shimo thamani yake: la kwanza kushoto 1, la pili 2, la tatu 4, kisha 8, 16, 32, 64, na la mwisho 128, kila moja ikiwa maradufu ya ile iliyotangulia. Jumlisha thamani za mashimo yenye kete, basi. Kete zikiwa katika shimo la kwanza na la nne, hesabu ni 1 na 8, yaani 9. Wala hakuna namna nyingine ya kuzipanga kete katika safu ile itakayoleta 9. Safu tupu ni 0, safu iliyojaa ni 255, na kwa jumla zipo hali 256, kila hali na hesabu yake isiyoshirikiana na nyingine. Biti 8 zikikaa pamoja hivi huitwa baiti.

Watunga programu, yaani wale waandikao maagizo ambayo kompyuta huyafuata, wana desturi ya kuigawa safu hii katikati, mashimo 4 upande huu na 4 upande ule. Nusu moja ina hali 16, kutoka 0 hadi 15. Na kwa kuwa tarakimu zetu zakoma kwenye 9, waliazima herufi a, b, c, d, e na f ziwe badala ya 10 hadi 15. Kwa hiyo baiti nzima huandikwa kwa alama mbili tu, zikitanguliwa na 0x ili msomaji atambue kwamba hii ni hesabu ya namna hiyo: 9 huwa 0x09, na 255 huwa 0xff.

Hapa pana kikwazo ambacho wengi hujikwaa nacho, nami nataka kukisimamia kidogo. Tuandikapo hesabu, kilicho kikubwa hukaa kushoto: katika 125, ile 1 ya kushoto ndiyo mia. Lakini katika XBM nukta ya kushoto kabisa ndiyo yenye thamani ndogo kuliko zote, hivyo nusu ya kulia ya safu ndiyo inayoandikwa kwanza, na nusu ya kushoto hufuata. Picha na hesabu yake hutazamana kama mtu na sura yake katika kioo cha kujitazamia. Aliyesoma Kurani chuoni akiwa mdogo, jicho lake likitoka kulia kwenda kushoto, kisha akaenda skuli akasoma kutoka kushoto kwenda kulia, amekwisha kuizoea safari hii, wala haimpotezi njia.

Mshale wenyewe

Tuchore mshale mdogo wa nukta 8 kwa 8, alama ya # ikiwa wino, na kistari kikiwa mahali patupu, na kando ya kila safu tuandike hesabu yake.

\# - - - - - - -   0x01
\# # - - - - - -   0x03
\# # # - - - - -   0x07
\# # # # - - - -   0x0f
\# # # # # - - -   0x1f
\# # # - - - - -   0x07
\# - - # - - - -   0x09
\- - - - # - - -   0x10

Waraka wake kamili, kama uwekwavyo ndani ya kompyuta, ni huu:

    #define mshale_width 8
    #define mshale_height 8
    #define mshale_x_hot 0
    #define mshale_y_hot 0
    static unsigned char mshale_bits[] = {
       0x01, 0x03, 0x07, 0x0f, 0x1f, 0x07, 0x09, 0x10 };

Mistari hii si migumu kama inavyoonekana, ukiisoma pole pole:

- Mstari wa kwanza na wa pili hutaja upana na urefu wa picha, kwa hesabu ya nukta.
- Wa tatu na wa nne, ambao si lazima kuwapo, hutaja nukta moja yenye kazi maalumu, ambayo tutaieleza punde.
- Iliyobaki ni orodha ya baiti, safu baada ya safu, kutoka juu kwenda chini.

Na ikiwa upana wa picha haugawanyiki kwa 8, kila safu hujaziwa nafasi tupu mwishoni hadi baiti ikamilike: picha ya nukta 10 huchukua baiti 2 kwa kila safu, na biti 6 za mwisho hupuuzwa.

Jambo la kuangaliwa kuliko yote ni kwamba maneno haya ya Kiingereza ni maneno ya lugha iitwayo C, lugha ya kuandikia programu aliyoitunga Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waraka wa XBM haufanani na C tu; ni C yenyewe. Mtunga programu aliyehitaji mshale hakuhitaji kuifundisha programu yake namna ya kufungua faili la picha na kulifasiri. Aliuingiza waraka huu ndani ya maandishi ya programu kwa mstari mmoja wa amri, na kompaila, yaani ile programu igeuzayo maandishi ya watu kuwa maagizo ya mashine, ikauchukua mshale pamoja na mengine yote. Programu ilipopelekwa mahali, mshale ulikuwamo ndani yake kama kokwa ndani ya embe.

Ncha na barakoa

Tuliahidi kuieleza ile nukta yenye kazi maalumu. Mshale una nukta nyingi, lakini mtu anapobonyeza, kompyuta yataka kujua mahali pamoja tu palipoelekezwa. Na mtumiaji hudhani, kwa haki kabisa, kwamba ni ncha ya mshale. Kompyuta haijui ncha wala mkia. Ni lazima iambiwe, na ndiyo kazi ya mistari ile miwili: wa kwanza huhesabu hatua kutoka kushoto, wa pili hatua kutoka juu, hesabu zikianzia 0. Mshale wetu una ncha pembeni juu kushoto, ndiyo maana zote ni 0. Bali msalaba wa nukta 15 kwa 15 ungeandikwa 7 na 7, katikati yake hasa. Ikoni haielekezi kitu, kwa hiyo mistari hii huachwa.

Kisha pana haja ya barakoa. Kishale kikiwa na biti za ndiyo na siyo tu, zile nukta za siyo zina maana gani: zipakwe rangi nyeupe, au ziachwe ili kilicho chini yake kionekane? Biti moja haiwezi kujibu maswali mawili. Ndipo zikatumika ramani mbili za ukubwa mmoja, ya kwanza ikieleza wino, na ya pili, iliyo barakoa, ikieleza ni nukta zipi zichorwe na zipi ziwe wazi. Mafundi wenye busara waliifanya barakoa iwe pana kuliko mshale kwa nukta moja kila upande, na hivyo mshale mweusi ukapata ukingo mweupe, usipotee hata ukipita juu ya kitu cheusi. Utazame mshale katika kompyuta yako leo. Huenda ukauona ukingo huo ungalipo.

Kwa nini maandishi?

Mwaka 1983, Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, maarufu kwa jina la MIT, kilianzisha Mradi wa Athena kwa msaada wa makampuni ya Digital na IBM, makusudi yake yakiwa kuwapa wanafunzi kompyuta za kusomea zilizounganishwa pamoja. Kompyuta zilikuwa za namna mbalimbali, na ilitakiwa programu moja ifanye kazi katika zote. Mwaka 1984 Robert Scheifler na Jim Gettys walianza kuunda mfumo wa madirisha, yaani programu igawayo kioo katika visanduku ili kazi nyingi zikae mbele ya macho kwa wakati mmoja. Ulitangulia mfumo mwingine, uliotoka Chuo Kikuu cha Stanford, ulioitwa W. Nao wakauita wao X, kwa kuwa ndiyo herufi ifuatayo. Toleo lake la 11 lilitoka Septemba 1987, na mpaka leo jina la X11 lingali likitumika.

Katika mazingira hayo maandishi yalikuwa na faida ambazo picha za kawaida hazikuwa nazo. Kompyuta za aina tofauti hazikukubaliana juu ya mpango wa baiti katika hesabu kubwa: nyingine zilianza na baiti kubwa, nyingine na ndogo, na faili la tarakimu tupu lililotoka huku liliweza kusomwa kombo kule. Maandishi hayana ugomvi huo. Barua pepe za siku zile nazo ziliundwa kwa ajili ya herufi tu, na kitu kisichokuwa herufi kiliweza kuharibika njiani. Ikoni iliyoandikwa ilisafiri salama, kwa sababu mbele ya mjumbe ilikuwa barua.

Kwa ufupi, mpaka hapa tumepata haya: kioo ni nukta, nukta moja ni biti, biti 8 ni baiti, na XBM ni orodha ya baiti iliyoandikwa kwa lugha ya watunga programu, yenye vipimo vya picha juu yake.

Nakiri kwamba naupenda waraka huu kuliko namna nyingi zilizoufuata, na sababu yangu ni moja. Mafaili mengi ya picha ni masanduku yaliyofungwa: ukipoteza programu ijuayo kuyafungua, umepoteza picha. Lakini mtu akiukuta waraka wa XBM umechapwa katika karatasi, hata kama hakuna kompyuta moja iliyobaki karibu naye, akiwa na penseli, daftari la mraba na subira ya nusu saa, ataipata picha yote, nukta kwa nukta, bila kupungua.

Kijivu kilichosukwa

Kompyuta zenye X zilikuja na mkusanyo wa nyaraka hizi tayari, uliowekwa mahali paitwapo /usr/include/X11/bitmaps, na ndani yake mlikuwamo nyota, nembo ya X, hata picha iliyopewa jina la wito wa Kilatini wa MIT wenye maana ya akili na mkono. Ile inayonivutia mimi ni ndogo kupita kiasi: yaitwa gray, yaani kijivu, ina nukta 2 kwa 2, na orodha yake yote ni 0x01, 0x02. Nukta moja nyeusi kushoto juu, nyingine kulia chini. Je, kijivu kiko wapi, ilhali kioo hakina rangi hiyo? Kimo katika kurudiwa. Kipande hicho kikitandazwa kioo kizima, kama msusi wa ukili apitishavyo mwaa mweusi na mweupe kwa zamu, jicho lililo mbali haliwezi tena kuzitenga nukta, huona kijivu. Kwa baiti 2 kioo kizima kilibadilika rangi.

Zilikuwako pia programu mbili ndogo, bmtoa na atobm, ambazo zilifanya hesabu yote tuliyoifanya juu: moja iligeuza XBM kuwa vistari na alama za #, kama mchoro wetu wa mshale, na nyingine ilirudisha mchoro huo kuwa XBM. Mtu aliweza kuchora ikoni kwa vidole vyake juu ya mashine ya kuandikia barua.

Rangi zilipokuja

XBM haijui rangi. Vioo vya rangi vilipoenea, Daniel Dardailler na Colas Nahaboo huko Ufaransa waliunda mwaka 1989 ndugu yake, XPM, iliyoshika ile ile desturi ya maandishi ya C, ila badala ya biti kila nukta hupewa herufi, na mwanzoni hutajwa kila herufi ni rangi gani.

Hata hivyo XBM ilipata bahati moja kubwa kabla ya kustaafu. Mwaka 1993, kivinjari cha Mosaic, yaani programu ya kusomea kurasa za intaneti, kilipotoka katika Chuo Kikuu cha Illinois na kuanza kuonyesha picha katikati ya maneno, namna kilizozikubali zilikuwa chache, na XBM ilikuwa mojawapo pamoja na GIF. Lakini udhaifu wake haukufichika. Kila baiti, kwa kuandikwa 0x pamoja na alama zake mbili, mkato na nafasi, huchukua herufi 6. Picha ya nukta 1,000 kwa 1,000, ambayo ni baiti 125,000, huwa waraka wa herufi 750,000. Kwa mshale mzigo huo si kitu. Kwa picha ya harusi ni msiba, tena isiyo na rangi. Vivinjari vikaiacha kimoja baada ya kingine, na Firefox ikaiondoa katika toleo la 3.6, mwaka 2010.

Kioo kidogo mezani

Ningeishia hapo, kama siku hizi vijana wapendao kujiundia vyombo vya umeme wasingeirudia XBM kwa sababu zile zile za mwanzo. Wanatumia vibao vya kompyuta vidogo kama vile Arduino, vilivyoanza nchini Italia mwaka 2005, na kuviunganisha na vioo vidogo, vingine vikiwa na nukta 128 kwa 64 tu, za rangi moja. Kioo chote hicho ni baiti 1,024. Kibao hakina diski wala programu ya kufungulia picha. Kina programu moja, aghalabu iliyoandikwa kwa C au kwa lugha iliyozaliwa nayo, na picha lazima iwemo ndani yake. Maktaba ya programu iitwayo U8g2, inayotumiwa sana kuendeshea vioo hivyo, ina amri yenye jina la XBM, nayo hupokea ile ile orodha, kwa mpango ule ule wa biti ndogo kushoto.

Basi, msomaji, chukua daftari la mraba na penseli, uchore mraba wa vyumba 8 kwa 8, kisha uzijaze safu zake kwa orodha hii, kutoka juu kwenda chini:

    0x08, 0x18, 0x38, 0x78, 0x08, 0xff, 0x7e, 0x3c

Kitakachotokea kinajulikana na kila mtu aliyewahi kusimama pwani. Kitazame kwa mbali kidogo: tanga likiwa upande wa kulia wa mlingoti, umesoma sawasawa, likiwa upande wa kushoto, uliyapa mashimo thamani kuanzia mwisho wa safu, nawe urudi kwenye shimo la kwanza.